Kusahihisha Karatasi za Askari: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Wanachama



Mwezi uliopita Bwana Katibu aliniomba niseme maneno machache juu ya utunzaji wa majalada. Nalikubali, lakini baadaye nalifikiri ya kuwa habari hizo kila mmoja wetu amekwisha kuzisikia katika mafunzo ya kazi, na wengine walizisikia huku wakisinzia. Kwa hiyo naomba radhi nibadili kidogo. Nitasema juu ya jalada moja tu, tena si la ofisi yetu. Ni habari za babu yangu mzaa baba, aliyekuwa askari wa K.A.R., au Keya kama wazee walivyopenda kutamka, na jinsi mtu awezavyo kuomba nishani iliyosahauliwa iandikwe katika karatasi za askari, hata kama askari mwenyewe amekwisha kufa. Wanachama watatu waliomo humu walikwisha kuniuliza jambo hili kwa ajili ya wazee wao, na majibu niliyowapa mlangoni hayakutosha.

Babu aliandikishwa mwaka 1942, akaachishwa mwaka 1946. Alipewa cheti, karatasi moja iliyokunjwa mara nne, nayo ilipigwa chapa jina lake, namba yake ya jeshi, kabila, urefu, alama za mwilini, tabia, na mwishoni palikuwa na nafasi ya nishani alizostahili. Katika nafasi hiyo iliandikwa moja tu, Nishani ya Vita. Wala nyingine hakuipata mkononi. Lakini babu alikuwa akisimulia habari za Burma. Alisimulia safari ya meli kutoka Mombasa, matope ya bonde la Kabaw wakati wa masika ya mwaka 1944, magari yaliyozama yakavutwa kwa kamba, homa iliyolaza watu wengi kuliko risasi, na mto Chindwin, ambao majeshi ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki yaliuvuka mwezi wa Desemba mwaka ule.

Siku moja, nami sijazaliwa bado, jirani mmoja aliyejua kusoma alikiomba kile cheti mbele ya watu kilabuni. Akakisoma chote kwa sauti, akafika mwisho, akasema, “Mbona hapa hapana Burma? Wewe ulikuwa mpishi huko Nairobi.” Watu wakacheka. Tangu siku hiyo babu aliitwa Burma kwa dhihaka, na baba yangu shuleni akaitwa mtoto wa Burma. Mimi nalimjua babu mpaka nilipokuwa na umri wa miaka minane. Alifariki mwaka 1997. Sikupata kumsikia akisema neno hata moja juu ya vita. Masimulizi haya niliyowapa nimeyapokea kwa bibi.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Miaka minne iliyopita aliniwekea kile cheti mezani, akasema, “Wewe ni karani. Kazi yenu ni nini?” Sikuwa na jibu zuri, nikakichukua.

Yafaa kwanza nieleze nishani zenyewe, maana watu huzichanganya. Ziko nishani za ushujaa na ziko nishani za vita. Nishani ya ushujaa hupewa mtu mmoja kwa tendo moja lililoonekana. Mkuu wake huandika pendekezo, pendekezo hupanda ngazi kwa ngazi, na likikubaliwa jina hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali huko London. Mapendekezo mengi ya Vita Vikuu vya Pili yamehifadhiwa katika jumba la nyaraka la taifa la Uingereza, huko Kew, katika fungu liitwalo WO 373, na majina ya askari wa Keya yamo. Safari ya karatasi hizo ilikuwa ndefu hata kwa wale waliokuwa na watu wa kuwasemea. Sajini Nigel Leakey wa Keya aliuawa Uhabeshi tarehe 19 Mei 1941 akipambana na vifaru vya adui. Msalaba wa Victoria aliopewa ulitangazwa tarehe 15 Novemba 1945, yaani baada ya miaka minne na nusu.

Nishani ya vita ni jambo jingine. Hiyo haiulizi kama ulikuwa shujaa, huuliza ulikuwa wapi na lini. Mtu aliyetumika siku 28 popote kati ya mwaka 1939 na mwaka 1945 alistahili Nishani ya Vita. Waliopigana Uhabeshi na Somalia mwaka 1940 na 1941 walistahili Nyota ya Afrika. Na Nyota ya Burma ilikuwa ya wale waliotumika katika vita vya huko kati ya tarehe 11 Desemba 1941 na tarehe 2 Septemba 1945. Kwa askari wa nchi kavu haikuhesabiwa kwa miezi, aliyeingia katika eneo la mapigano kwa kazi ya vita alikwisha kuistahili. Kwa hiyo mimi sikuwa na haja ya kuthibitisha ya kuwa babu alikuwa hodari. Nalitakiwa kuthibitisha ya kuwa alikuwapo.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika vita vya 1914 hadi 1918, Waingereza walichora jina na namba ya askari ukingoni mwa nishani yake. Katika vita vya pili walitoa nishani nyingi mno, nao wakaziacha bila kuchora kitu, isipokuwa kwa majeshi ya nchi chache. Nyota ya Burma ya askari wa Keya haina jina. Ukiiokota njiani huwezi kujua ni ya nani. Shaba haisemi, ni karatasi tu isemayo.

Sasa nitaungama kosa langu. Nilipoanza, niliandika barua kwa ofisi moja ng'ambo. Sitaitaja, kwa sababu kosa halikuwa lao. Barua ilikuwa na kurasa tano. Nalieleza uchungu wa familia, dhihaka ya kilabuni, utumishi wa Waafrika katika vita visivyokuwa vyao, na ya kuwa Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000. Yote yalikuwa kweli. Jibu lilikuwa na mistari mitatu: walisikitika, hawakuweza kuendelea, waliomba ushahidi wa utumishi wake katika eneo linalohusika chini ya namba aliyoitaja mwombaji. Nalikasirika kwa muda wa wiki moja. Kisha nikakumbuka barua ninazopokea mimi mwenyewe dirishani kwangu kutoka kwa wastaafu, kurasa tano za machozi pasipo namba ya hundi ya mshahara, na jinsi ninavyozijibu.

Basi nikaanza kusoma jinsi wengine wafanyavyo, nikaona ya kuwa Wamarekani wamelifikiria jambo hili kuliko wengi, kwa sababu ya msiba uliowapata. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka katika jumba la kumbukumbu za wanajeshi karibu na mji wa St. Louis. Majalada kati ya milioni 16 na milioni 18 yaliteketea. Katika majalada ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya mwaka 1912 na mwanzo wa mwaka 1960, 80 katika kila 100 hayapo tena. Tafadhali sikilizeni vizuri sehemu hii, ninyi wenzangu wa masijala: hapakuwa na nakala, hapakuwa na picha za filamu, wala haikupata kuandikwa faharasa ya majalada yaliyokuwamo. Hata kujua ni la nani lililoungua ilikuwa kazi. Na yale yaliyosalia yalilowa maji ya kuzimia moto, yakaanza kuota ukungu, yakapelekwa kukaushwa katika chumba cha kiwanda kilichojengwa kwa kujaribia vyombo vya kwenda angani.

Wakafanyaje? Walikwenda kutafuta karatasi za makarani wengine. Hati za malipo ya mwisho ya mshahara. Madaftari ya hospitali. Taarifa za kila asubuhi za kombania, ambazo karani aliandika nani yupo, nani mgonjwa, nani amehamishwa. Madai ya pensheni. Amri za kikosi. Kwa vipande hivyo walimjenga upya askari ambaye jalada lake limekuwa majivu. Karani aliyeandika taarifa ya asubuhi hakudhani hata kidogo ya kuwa anaandika ushahidi wa nishani. Alikuwa akihesabu watu wa kupewa chakula.

Tena wana utaratibu wa kusahihisha. Askari akiachishwa hupewa fomu namba 214. Nishani ikisahauliwa, na ushahidi wake ukiwapo wazi, fomu ile ya kwanza haifutwi wala haikwanguliwi. Huandikwa nyingine, namba 215, isemayo kilichoongezwa au kubadilishwa, nayo huambatishwa. Ikiwa jambo lina ubishi, maombi hupelekwa kwenye baraza la kusahihisha kumbukumbu, ambalo msingi wake ni sheria ya mwaka 1946. Mwombaji hutakiwa kuomba katika muda wa miaka mitatu tangu kuligundua kosa, lakini baraza laweza kumsamehe kuchelewa kama haki yadai hivyo, na jamaa wa marehemu huweza kuomba kwa niaba yake.

Nitawapa mfano mmoja, maana unatugusa. Waverly Woodson alikuwa Mmarekani mweusi, koplo, mtumishi wa tiba katika kikosi cha 320 cha maputo ya kuzuia ndege. Tarehe 6 Juni 1944, siku majeshi yaliposhuka Normandy, chombo chake kilipigwa kabla hajafika ufukoni Omaha, naye akajeruhiwa. Alishuka hivyo hivyo, akatibu watu kwa muda wa saa 30, watu wapatao 200. Alipewa nishani ya chini kuliko ile aliyopendekezewa. Jamaa zake walipodai haki baadaye, jalada lake lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoungua St. Louis. Lakini palikuwa na karatasi fupi ya wakati wa vita, iliyohifadhiwa katika maktaba ya nyaraka za Rais Truman, iliyosema ya kuwa mkuu wake alimpendekeza apewe nishani kubwa zaidi. Karatasi moja, katika sanduku lisilo la jeshi! Mwezi wa Juni mwaka 2024 ilitangazwa ya kuwa atapewa Msalaba wa Utumishi Uliotukuka, nishani ya pili kwa ukubwa katika jeshi lao. Mwenyewe alikuwa amefariki tangu mwaka 2005. Mkewe alikuwa hai, na umri wa miaka 95.

Sisi tunao mfano wa namna nyingine, hapa hapa kwetu, nao unachekesha kidogo. Husimuliwa ya kuwa mwaka 1964, Wajerumani walipokubali kuwalipa askari wazee waliotumika chini ya von Lettow-Vorbeck katika vita vya kwanza, mlipaji alifungua ofisi huko Mwanza, wakaja wazee wapatao 350. Waliokuwa na vyeti vyao vya mwaka 1918 walikuwa wachache sana. Wengine walileta vipande vya magwanda. Mlipaji akawapa fagio, mmoja mmoja, akawaamrisha kwa Kijerumani namna ya kushika bunduki, wala hakuna aliyekosea. Mimi nikiisikia hadithi hii humwonea wivu yule mlipaji. Babu yangu hawezi tena kushika fagio.

Kwa hiyo nikarudi kwenye karatasi, na safari hii nikaanza na namba. Nalijiuliza, ni karani gani mwingine aliyeandika namba ya babu kati ya mwaka 1942 na mwaka 1946, bila kufikiri juu ya nishani? Bibi ndiye aliyenipa jibu pasipo kujua. Alisema ya kuwa kila mwezi alikwenda bomani na mama mkwe wake kupokea fedha ambazo babu alikatwa katika mshahara kwa ajili ya jamaa. Kama walipewa fedha, walitia dole gumba. Kama walitia dole gumba, lilikuwapo daftari.

Nalilipata baada ya miezi saba ya ruhusa za siku mojamoja. Sitawachosha kwa habari za vumbi. Lilikuwa daftari refu, jalada lake limeliwa na mchwa upande mmoja, na wino umegeuka kuwa rangi ya kahawia. Ndani yake nalimwona babu yangu: jina lake, jina la baba yake, kijiji, shilingi alizotuma, na alama ya dole la mama yake. Na namba yake ya jeshi. Nalikuwa nimeikariri kutoka katika cheti, inaishia 36. Daftarini iliishia 63.

Mara ya kwanza nalidhani karani wa boma alikosea. Nikafungua ukurasa wa mwezi uliofuata: 63. Na uliofuata: 63. Nalihesabu mara 27, miezi 27, makarani wawili tofauti, kwa kuwa mwandiko unabadilika katikati, na wote wawili waliandika 63. Cheti kiliandika 36 mara moja tu. Nadhani hakuna mtu humu ndani anayehitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Nikapitisha kidole kwenda chini ili nimtafute mwenye 36. Alikuwapo, mistari michache chini ya babu, katika kurasa zile zile. Mtu wa kijiji cha pili, ng'ambo ya mto, aliyeandikishwa mwaka ule ule. Makarani wote wawili walimwandikia 36 tangu mwanzo hata mwisho.

Kilichotokea mwaka 1946 naweza kukikisia tu, lakini ninyi pia mwaweza. Karani amekaa mbele ya mashine ya chapa, nje ya dirisha wako askari mamia wanaotaka kwenda kwao, kadi mbili zimekaa karibu, tarakimu zinafanana. Anainua kadi hii na kuandika jina lile. Mimi simlaumu sana. Katika mwaka wangu wa pili kazini naligeuza tarakimu mbili za mtumishi mmoja aliyekuwa akistaafu, na yule mzee alikaa miezi minane bila mafao, akija dirishani kila Jumatatu amevaa koti lile lile. Nami nalimwambia, “Mzee, tatizo liko makao makuu.” Nalikuja kuliona kosa langu kwa bahati. Nalilirekebisha, lakini sikumwambia lilikuwa langu. Leo ni mara ya kwanza ninalisema mbele ya watu.

Sasa mmekwisha kuona mbele ninakokwenda. Kama babu alipewa kadi ya mwingine, yule mwingine alipewa ya nani?

Nalikwenda ng'ambo ya mto Jumamosi moja, pamoja na baba. Yule askari alifariki zamani, lakini binti yake yupo, mama mwenye umri unaokaribia miaka themanini, anakaa na wajukuu. Alitupokea vizuri, tukanywa chai, tukaulizana hali za jamaa pande zote mbili. Baba hakuweza kuanza, nikaanza mimi. Nikamwuliza kama anacho cheti cha marehemu baba yake. Akaenda ndani, akarudi na kopo la biskuti. Cheti kilikuwamo, namba inaishia 63, na katika nafasi ya nishani yaliandikwa majina mawili: Nishani ya Vita, na Nyota ya Burma. Na chini kabisa ya kopo, ndani ya kitambaa, ilikuwamo nyota yenyewe, ina ncha sita, utepe wake wa buluu na nyekundu na michirizi ya rangi ya chungwa umechakaa.

Nikaigeuza nyuma. Hapana jina, kama nilivyowaambia.

Nalimwuliza kama baba yake alikuwa akisimulia habari za Burma. Akasema, “Hapana, mwanangu. Baba alikuwa dereva Nairobi vita vyote. Hii ilimjia kwa posta. Hakuivaa hata siku moja. Tulipomwuliza alisema, serikali ikikupa kitu usiulize.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Lakini imechorwa kaburini kwake. Wajukuu waliichora walipojenga.”

Basi nikamweleza yote, namba kwa namba, nikamwonyesha picha ya ukurasa wa daftari. Hajui kusoma, kwa hiyo aliniomba nimsomee mstari wa baba yake kwa sauti, kisha mstari wa babu yangu. Nikavisoma. Aliniomba tena nivisome. Kisha akalisukuma lile kopo upande wa baba yangu, akasema, “Chukueni.”

Baba alinitazama. Naungama ya kuwa mkono wangu ulitaka. Miaka mingi ya dhihaka ilikuwa ndani ya lile kopo. Lakini nalisema, “Mama, hatukuja kuchukua mali. Mimi sina hati ya kupokelea kitu hiki, wala wewe huna hati ya kukitolea. Tumekuja kuomba nakala ya cheti.” Baba yangu alicheka njia nzima siku ile, akisema ya kuwa amezaa karani kweli kweli. Hata hivyo hakusema nimekosea.

Lakini lile neno la kaburi lilikuwa zito, nalo ndilo lililonikawiza kupeleka maombi kwa miezi mitatu. Yule mama hakuniomba nifiche kitu. Mmoja wa wanawe ndiye aliyeniomba, alinipigia simu usiku. Alisema, “Ndugu, omba ya babu yako, ni haki yako. Lakini ya babu yetu iache ilivyo, mzee amekwisha lala.” Nami nikafikiri: naweza kupeleka nakala ya ukurasa, nikafunika mistari ya chini kwa karatasi nyeupe kabla ya kuitia katika mashine. Ni jambo la dakika moja. Hakuna atakayejua. Wenzangu, kila mmoja wetu anajua jinsi jambo lile lifanywavyo.

Sikulifanya, na sababu zangu ni za kikarani. Ukurasa uliofunikwa hauthibitishi kitu. Namba ya babu ina nguvu kwa sababu namba ya yule mwenzake imesimama chini yake. Ukiondoa mmoja, mwingine anabaki na tarakimu ambazo mtu yeyote aweza kusema zilikosewa bomani. Isitoshe, ni kwa karatasi iliyoficha kitu babu yangu aliitwa mwongo. Nikarudi ng'ambo ya mto, safari hii peke yangu, nikamwambia yule mama na mwanawe ya kuwa nitapeleka ukurasa mzima pamoja na nakala ya vyeti vyote viwili, lakini katika barua yangu nitaomba jambo moja tu: Nyota ya Burma iongezwe katika kumbukumbu za babu. Sitaomba ifutwe kwa mtu mwingine. Kama ofisi itaona yapasa kusahihisha na upande wa pili, hiyo ni kazi yake, nami sitaisemea wala kuizuia. Kijana hakufurahi. Mama akasema, “Andika ulivyoona.” Akaweka dole gumba katika nakala ya cheti cha baba yake kuonyesha ameitoa kwa hiari.

Wale watatu walioniuliza, haya ndiyo niliyojifunza, nayo ni machache. Barua yangu ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Juu niliandika jina kwa namna zote lilivyopata kuandikwa, maana majina yetu yalisikilizwa kwa masikio ya kigeni na kuandikwa kwa herufi za kila aina. Mwaka 2017, ulipofanyika uhakiki wa vyeti vya watumishi nchini Tanzania, sote tuliona herufi moja inavyoweza kumnyima mtu usingizi. Kisha namba zote mbili, iliyo katika cheti na iliyo katika daftari. Kisha nishani ninayoomba, kwa jina lake, si “nishani zake zote.” Kisha tarehe na mahali pa utumishi. Kisha orodha ya viambatisho, kila kimoja na alama yake. Cheti cha kifo cha babu na cheti cha kuzaliwa cha baba viliambatishwa ili ionekane mwombaji ni nani. Niliongeza na nakala ya daftari la ndoa la misheni la mwaka 1946, ambamo mwalimu wa dini aliandika pembeni mwa jina la babu, “askari, amerudi Burma.” Hicho peke yake hakitoshi, kwa kuwa mwalimu aliandika aliyoambiwa, lakini kikikaa kando ya daftari la boma kina kazi yake. Machozi sikuweka. Karatasi za asili sikupeleka hata moja. Ziko nyumbani, katika bahasha isiyoingia maji. Na kama mzee wenu yu hai bado, mwulizeni leo namba yake. Wazee husahau majina ya wajukuu, lakini namba ya jeshi hawaisahau.

Jibu la kwanza limekuja, ya kuwa maombi yamepokewa na yanachunguzwa. Limekuja pamoja na namba ya kumbukumbu, nami nimeinakili mara mbili na kumpa mwenzangu aisome kwa sauti huku nikiifuata kwa kidole. Jibu la mwisho bado. Yule mama amekwisha nitumia watu mara mbili kuniuliza, na mara ya pili alituma na kuku. Baba haulizi, lakini nikifika nyumbani hutazama kwanza mkoba wangu.

Nakala za jalada zima zipo hapa mezani, isipokuwa ile yenye dole la yule mama, ambayo sikupata ruhusa yake kuionyesha. Anayetaka kuzitazama na azitazame wakati wa chai, ila naomba zisiwekwe karibu na vikombe.